Wiki sifuri? MySQL inanikatia wiki moja vipande vitatu

karani_igombe
Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Natunza hesabu za ndoo za dagaa kwa matajiri wa mitumbwi huku Igombe, Mwanza. Mtumbwi ukifika naandika kwenye simu: tarehe, jina la mtumbwi, ndoo ngapi, bei. Vyote vinaingia MySQL, ile programu ya kutunza data kwenye majedwali; jedwali langu linaitwa mapokezi. Wavuvi wanalipwa Jumatatu asubuhi kwa mauzo ya Jumatatu iliyopita hadi Jumapili, kwa hiyo nataka ripoti ijipange yenyewe kwa wiki. Nilichoachiwa na aliyenitangulia ni hiki:

SELECT YEAR(tarehe), WEEK(tarehe), SUM(ndoo) FROM mapokezi GROUP BY YEAR(tarehe), WEEK(tarehe);

Jumapili kila mara inahamia wiki ya mbele, hiyo nimezoea kuirudisha kwa kalamu. Ila wiki ya 29 Desemba 2025 hadi 4 Januari 2026 imenishinda. Imesambaa mistari mitatu: 2025 wiki 52, 2026 wiki 0, 2026 wiki 1. Sasa nimwambie tajiri ndoo zake zipo wiki sifuri? Atajua nimezila.

fundi_nyakato
Mkuu, MySQL imefanya ilichoambiwa. WEEK usipoitajia modi, yaani namba ya kuiambia ihesabu wiki kwa mtindo gani, inatumia modi 0, labda kama seva imebadilishwa. Kwa modi hiyo wiki inaanza Jumapili, na wiki ya 1 ni ile yenye Jumapili ya kwanza ya mwaka. Siku zinazotangulia hapo zinapewa 0. Mwaka huu Jumapili ya kwanza ilikuwa 4 Januari, ndiyo maana tarehe 1, 2 na 3 hazina kwao.

Tumia modi 3, ndiyo kanuni ya kimataifa ya tarehe, ISO 8601: wiki inaanza Jumatatu, na wiki ya 1 ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya Januari.

SELECT YEARWEEK(tarehe, 3) AS wiki, SUM(ndoo) FROM mapokezi GROUP BY wiki;

Siku zote saba za wiki yako zitatoka 202601, yaani mwaka 2026 wiki ya 01.

mama_ripoti
Alichosema fundi ni sawa, ila naomba nikazie: YEARWEEK, siyo YEAR ukaibandika na WEEK(tarehe, 3). Wengi wanaishia hapo. Tarehe 29 Desemba 2025 kwa ISO ni wiki ya 1 ya 2026, lakini YEAR bado inasema 2025. Kwa hiyo ndoo za Desemba 2025 zinakwenda kujumlishwa na za Januari 2025, mwaka mzima nyuma. Na ubaya wake, jumla inayotoka ni namba ya kawaida kabisa, hakuna atakayeshtuka. Afadhali hiyo sifuri yako, angalau inapiga kelele.

Pili, usije ukaandika programu inayodhani kila mwaka una wiki 52. Huu wa 2026 una 53. Ijumaa ya 1 Januari 2027 itasoma 202653, na 202701 inaanza Jumatatu ya tarehe 4.

Na kwa karatasi ya tajiri, mimi nisingeweka namba ya wiki hata kidogo. Nani anajua wiki ya 31 ni lini? Mwekee tarehe ya Jumatatu:

DATE_SUB(tarehe, INTERVAL WEEKDAY(tarehe) DAY)

Namba ibaki ndani kwa ajili ya kupanga.

karani_igombe
Imekubali! Mstari mmoja, 202601. Asante sana mama. Je, inaweza kujijaza yenyewe ndani ya jedwali, nisiwe naiandika kwenye kila ripoti?

fundi_nyakato
Inaweza, kuanzia MySQL 5.7:

ALTER TABLE mapokezi ADD COLUMN wiki INT AS (YEARWEEK(tarehe, 3)) STORED;

Ukirekebisha tarehe, wiki inajirekebisha. Hakikisha tu safu ya tarehe ni ya aina ya DATE, siyo maandishi ya 29/12/2025.

Halafu tarehe inatoka kwenye simu au kwenye seva? Kama ni seva na inafuata UTC, saa za kimataifa, iko nyuma yetu saa tatu. Mtumbwi ukiwahi kurudi saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu, seva itaandika Jumapili, na ndoo zinaingia kwenye malipo ya wiki iliyokwisha.

karani_igombe
Ni ya simu, hapo nimepona. Sasa tajiri mmoja anataka wiki ya 9 ya mwaka huu ikifika nimwekee pembeni na wiki ya 9 ya mwaka jana, aone kama nahodha wake anazembea.

mzee_wa_mwaloni
Utamponza nahodha wa watu bure. Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa; mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi inakaa mchangani. Na miezi kumi na miwili ya angani ni siku 354 tu, kwa hiyo giza linarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kalenda yenu haina habari. Wiki ya 9 ya 2025 ilikuwa 24 Februari hadi 2 Machi, na giza totoro lilikuwa tarehe 28, katikati kabisa. Mwaka huu wiki ya 9 ni 23 Februari hadi 1 Machi, na mwezi unajaa tarehe 3 Machi. Ndoo lazima zipungue, hata nahodha awe malaika.

Lipaneni kwa wiki. Kulinganisha, linganisha giza kwa giza.

karani_igombe
Mzee wangu, asante, hiyo hesabu nitampelekea kama ilivyo. Tarehe za mwezi kuandama MySQL inazijua?

fundi_nyakato
Haizijui. Tengeneza jedwali dogo uziandike kwa mkono, ni 12 au 13 kwa mwaka. Kisha kwa kila siku ya mapokezi chukua tarehe ya mwandamo iliyo karibu zaidi nyuma yake, upange kwa hiyo badala ya wiki. Ukikwama leta muundo wa jedwali hapa.