Injini ya 150 imechoka: nikereze silinda, nifunge injini mpya, au niiuze kama ilivyo?

Msafirishaji_Dom

Wakuu habari za leo. Nina pikipiki ya Kichina, ile 150 ya injini aina ya CG, ubavuni imeandikwa 162FMJ. Iko barabarani hapa Dodoma, dereva analeta hesabu kila jioni isipokuwa Jumapili, ni yake. Sasa imeanza kula oili. Asubuhi ikiwashwa inatoa moshi wa bluu, ikipanda mlima na abiria moshi unazidi, nguvu hakuna, na kila baada ya siku mbili tatu lazima aongeze oili.

Fundi wa kwanza kasema ni ringi za pistoni tu. Wa pili anataka tushushe injini, tukereze silinda (kuipanua kwa mashine), tuweke pistoni mpya na kusaga valvu, kazi na spea laki mbili na nusu. Duka la spea wananiambia niachane na hayo, nichukue injini mpya ya kwenye boksi kwa laki saba na ushee. Shemeji anasema niiuze kwa mtu wa shamba, niongezee pesa nichukue nyingine. Waliopitia haya naombeni mawazo.

Fundi_Spana13

Mkuu, hao wote wamekupa bei kabla hawajapima. Anza hapa: injini ikiwa ya moto, toa plagi, funga geji ya kompresheni, vuta mafuta yote mpaka mwisho, piga kiki mpaka mshale ukome kupanda. Andika namba. Kisha mimina kijiko kimoja cha oili safi kwenye tundu la plagi, urudie. Mshale ukipanda sana kuliko mwanzo, ringi na silinda ndivyo vinavyovujisha, maana oili imeziba pengo kwa muda. Usipopanda, tafuta kwenye valvu.

Moshi nao unasema. Ukitoka asubuhi tu halafu ukakata, mara nyingi ni sili za valvu: usiku oili inachuruzika kwenye gaidi, ule mrija unaoongoza shina la valvu. Ukizidi inapovuta mzigo, ni ringi. Yako inatoa kotekote, kwa hiyo usishangae ukikuta vyote viwili.

Lakini kitakachoamua pesa yako ni konrodi, mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenki, ile shafti inayozunguka chini. Silinda ikishatoka, zungusha krenki mpaka konrodi ifike juu kabisa, ishike, ivute wima na kuisukuma chini. Kucheza kidogo upande kwa upande ni kawaida, imetengenezwa hivyo. Kucheza juu na chini hapana. Ukisikia "tak" hata ndogo mkononi, krenki imekwisha, na habari ya laki mbili na nusu imeishia hapo.

MamaBoda_Kihonda

Mimi nina pikipiki kadhaa, nitasema kama mwenye mali. Usifanye ringi tu. Ringi mpya kwenye silinda iliyolika ni pesa ya kutupa. Moshi utakata wiki mbili, utarudi, na fundi atakwambia ulinunua ringi feki.

Pili, mnahesabu spea, hamhesabu siku. Pikipiki ikilala gereji wiki nzima "tunasubiri gasketi", hesabu ya wiki imekwenda na dereva wako keshapata tajiri mwingine. Injini ya boksi wanaifunga asubuhi, jioni iko kijiweni. Ndiyo maana mimi napenda injini mpya, ingawa mafundi watanichukia.

Na injini ikifunguliwa, kaa hapohapo na kiti chako. Nimeshaona klachi nzima ikitoka na nyingine ikirudi.

Mkereza_Vyuma

Mama, klachi zinabadilishwa kweli, lakini injini ya boksi usiipambe kiasi hicho. Zipo nzuri, na zipo zinazofika na bolti zimekazwa nusunusu na mchanga wa kalibu umebaki ndani. Ukinunua, mwaga oili iliyokuja nayo, weka mpya, ufungue kifuniko cha valvu uangalie nafasi kabla hujapiga kiki.

Sasa wewe mwenye 162FMJ. Hizo herufi usizidharau. 1 ni silinda moja, 62 ni kipenyo cha pistoni kwa milimita, F ni kupozwa kwa upepo, M ni ya pikipiki, J ni daraja la 150. Ndugu yake 156FMI ni ya 125, pistoni yake 56.5. Kimo anachopanda pistoni ni kilekile kwa zote mbili, 49.5, na kwa nje zinafanana kama mapacha. Kuna watu wameuziwa 125 yenye stika ya 150, wakaja kulalamika mlimani. Dukani usisome stika, soma namba iliyochongwa kwenye chuma, na kwenye seti ya silinda pima pistoni kwa kalipa.

Kuhusu kukereza: silinda inalika zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, kwa sababu ndipo penye moto mwingi na oili haba. Pitisha ukucha kutoka katikati kwenda juu. Ukikwama kwenye kingo kama ngazi, hiyo haihitaji mjadala. Pistoni za ovasaizi, yaani kubwa kuliko ya asili, zinakwenda kwa hatua za 0.25, 0.50, 0.75 mpaka 1.00 za milimita. Nunua pistoni kwanza, iletwe pamoja na silinda, nami nikereze kwa kufuata pistoni ile ile, kwa sababu pengo linalotakiwa ni sehemu chache tu kati ya mia za milimita moja. Wanaoleta silinda peke yake na kusema "weka hamsini" ndio wanaorudi imekwama.

Ila kwa CG, ingawa najikatia riziki, seti kamili ya silinda, yaani bloku, pistoni, ringi na pini, mara nyingi inakaribia bei ya pistoni ukijumlisha na kazi yangu. Kwa mwenye Boxer orijino ningemwambia akereze, chuma chake kinastahili. Kwa hii yako piga hesabu kwanza.

nduthi_ya_Thika

Salamu kutoka Kenya. Hakuna aliyetaja injini ya mtumba. Huku ukienda Kirinyaga Road, Nairobi, utapata iliyong'olewa kwenye pikipiki iliyogongwa, bei ni nafuu kuliko mpya. Lakini ni bahati nasibu, muuzaji ameiosha kwa petroli inang'aa, ndani hujui. Usilipe kabla hujaisikia ikinguruma.

Halafu namba ya injini. Iko kwenye logbook, ukibadilisha injini lazima NTSA, mamlaka ya usafiri ya huku, wabadilishiwe taarifa. Ukisimamishwa na namba hazioani, utaeleza hadi jua litue kwamba hukuiba.

Fundi_Spana13

Tanzania vilevile, kadi ya TRA ina namba ya chesisi na ya injini. Ukifunga injini nyingine, tunza risiti na ufuatilie kadi irekebishwe. Ukikereza au kubadilisha silinda, namba haiguswi, iko kwenye krenki kesi, ganda la chini linaloshika krenki. Hiyo nayo ni pesa na muda, muiingize kwenye hesabu zenu.

Kisiki_cha_Mpingo

Uza. Ukitengeneza injini kesho ni shokapu, keshokutwa beringi za magurudumu. Pikipiki ya kazi ina umri wake.

MamaBoda_Kihonda

Kisiki, uza kwa bei gani ikiwa inafuka moshi? Mnunuzi atakata bei ya injini nzima, halafu akaweke silinda tu. Faida yote kaondoka nayo. Hata kama unauza, tengeneza kwanza, na umwambie mnunuzi kilichofanyika.

Msafirishaji_Dom

Wakuu, jana nimeshinda gereji na kiti changu kama Mama alivyoagiza.

Kompresheni kavu ilikuwa ndogo, baada ya kijiko cha oili mshale ukaruka. Silinda ina ngazi, ukucha unakwama kabisa. Fundi alisukuma ringi ya juu peke yake ndani ya silinda akapima mwanya wa ncha zake: filagaji (bapa la kupimia mwanya) ya milimita moja imeingia na nafasi imebaki. Konrodi tumeivuta watu watatu kwa zamu, hakuna "tak". Beringi za krenki ukizungusha kimya.

Chanzo tumekiona tulipofungua boksi la hewa: chujio hakuna. Dereva anasema waliitoa kijiweni "ipumue". Vumbi la huku mnalijua.

Fundi wa laki mbili na nusu kakubali tuache kukereza, tununue seti ya silinda ya 62, sili za valvu, gasketi zote za juu na chujio jipya. Imeshuka chini ya laki mbili.

Mkereza_Vyuma

Riziki yangu imekwenda, lakini ndiyo sahihi. Bila chujio vumbi linakuwa msasa, na likishachanganyika na oili linashuka chini kwenye krenki. Umeiwahi. Waambie wasafishe chujio la oili na kumwaga oili yote, wasiweke silinda mpya juu ya oili yenye mchanga. Na kabla ya kufunga, ringi mpya zipimwe mwanya ndani ya silinda mpya. Seti za dukani hazina dhamana ya mbinguni.

Nyamanoro_Kona

Swali la pembeni: na konrodi ingecheza?

Fundi_Spana13

Hapo ningekuwa upande wa Mama. Kubadilisha krenki maana yake kupasua kesi mbili, na ukishapasua lazima uangalie beringi, gia, sili na gasketi zote. Krenki ya hizi imeshindiliwa vipande kwa presi, ukibadilisha konrodi tu inatakiwa inyooshwe kwa vipimo, na wanaoweza kuinyoosha vizuri ni wa kuhesabu. Ukijumlisha, umekaribia bei ya injini ya boksi na bado una gia za zamani.

Msafirishaji, ikishafungwa: siku za kwanza asivute mafuta mpaka mwisho, asikae spidi moja muda mrefu, na asiiache inanguruma bure kijiweni. Ringi zinakaa kwa mzigo mdogo unaobadilikabadilika. Mwaga oili ikifika kilomita 500 hata kama inaonekana safi. Na mishikaki marufuku, abiria mmoja tu.

MamaBoda_Kihonda

Abiria mmoja, spidi ndogo, na hesabu je?

Msafirishaji_Dom

Nusu, wiki ya kwanza. Tumeshakubaliana, na chujio akilitoa tena ananunua silinda yeye.