Nitie sahihi ufunguo wa huyu jamaa?

Wakuu, jana jamaa kanionyesha picha ya pasipoti kwenye simu, akanitajia herufi 8 za mwisho za ufunguo wake wa PGP (mfumo wa kufumba ujumbe na kuutia sahihi), ili niutie sahihi kuthibitisha kuwa ni wake. Nikasita. Anadai nina wasiwasi wa bure.

— Usitie! Herufi 8 zinaghushika kwa kompyuta ya kawaida. Aisome alama nzima ya utambulisho wa ufunguo (fingerprint), herufi zote 40, kutoka karatasi yake. Wewe ufuatishe kwenye nakala yako. Mimi huweka tiki kila baada ya nne.

— Na pasipoti ishike mkononi (ingawa ya bandia, nakiri, nisingeitambua). Ukishatia sahihi, usiipandishe sahihi hiyo kwenye seva ya funguo za umma. Ifumbe kwa ufunguo wake, itume kwa baruapepe iliyoandikwa kwenye ufunguo huo. Asiyemiliki vyote viwili, ufunguo na baruapepe, haipati.

— Nimemwomba zote 40. Kimya mpaka sasa.