Mafundi wa frigo wa Goma, acheni kuua moteri kwa mdomo!

Huu wizi umezidi. Kuran, yaani umeme, inakatika Birere au Katindo, inarudi baada ya dakika moja, frigo inanguruma kidogo, inalia "tak", inanyamaza. Fundi anakuja, anagusa moteri, inachoma. Palepale: "Mama, moteri imeungua, tafuta ingine." Multimetri, kile kipimo cha umeme, haijatoka mfukoni! Mama wa watu anayeuza sambaza anaingia deni la kompresa nzima (ndiyo hiyo moteri), kumbe relé, kile kifaa kidogo cha kuiwasha, ndiyo imekufa, au hakuna kilichokufa.

Mnajua vizuri kwamba kuran ikirudi haraka, presha ya gesi haijasawazika. Moteri inakwama, inavuta kuran mara tano au sita ya kawaida, Klixon, kinga yake ya joto, inakata. Relé ya PTC, ile inayozuia kuran ikipata moto, nayo ingali moto, haiwezi kuwasha. Zima, ngoja dakika kumi, ujaribu tena. Hilo peke yake lingeokoa frigo nyingi.

Ikikataa, PIMA. Chomoa kwenye prizi. Kondansateri kama ipo, itoe chaji kwa resistansi ya kilo-om 20, wati 2, si kwa turnevisi. Vua relé na Klixon, zibaki pini tatu tupu. Multimetri iwe kwenye om 200. Jozi yenye namba kubwa kuliko zote ni S (koili ya kuanzia) na R (koili ya kuendeshea). Pini iliyobaki ni C, ya pamoja. Kutoka C, namba ndogo ni R, kubwa ni S. Hesabu lazima ikubali: C–R 12 na C–S 18, basi R–S iwe 30 au karibu sana. Haikubali? Koili ina shida, hapo unaweza kusema neno.

Lakini sikilizeni: C haisomi kwa R wala kwa S, ila R–S inasoma? Kompresa nyingine zina protekta, kinga ya joto kama Klixon, ndani, na ikiwa moto imefunguka tu. Ipoe kabisa, hata saa nzima au zaidi, ndipo upime tena. Hapa ndipo moteri nzima zinatupwa kila siku.

Kisha kwangua rangi kwenye bomba la shaba, pima kila pini na bomba. Multimetri ikionyesha njia, kuran inavuja, moteri imekwisha. Isipoonyesha, thibitisha kwa megometa, kipimo cha kuvuja kwa kuran, ya volti 500.

Klixon ya nje ikiwa baridi isome karibu na sifuri. PTC baridi isome om chache au makumi machache. Ukiitikisa ikachakarika ndani, imevunjika.

Na volti je? Pima kwenye prizi wakati moteri inajaribu kuwaka, si kabla. Nguvu ya kuanza inashuka kwa mraba wa volti: 160 badala ya 220 inabakiza karibu nusu tu. Ukifunga kompresa mpya hapo, itakwama vilevile.

Kinachoniudhi kupita vyote ni zile relé za "tatu kwa moja" (relé, kinga na kondansateri pamoja) mnazofunga kwenye kila moteri bila kuangalia nguvu yake. Koili ya kuanzia inabaki kwenye kuran muda mrefu, inaungua kweli, na mteja anauziwa kompresa mara ya pili.

Bamama na bapapa, kabla ya kulipa, fundi aandike kwenye karatasi C–R, C–S, R–S na volti za prizi. Hana namba hizo? Asiguse frigo yako.