Wewe fundi uliyetia gundi kwenye skurubu za distribyuta yangu, uzi huu ni wako

Assalamu alaykum wanajukwaa. Leo sina salamu ndefu. Vidole viwili vimefungwa kitambaa, naandika kwa gumba, mkiona herufi zimeruka mnisamehe.

Gari yangu ni ya Kijapani, ya mwaka 1995, ya distribyuta, kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi. Kuukuu, najua, msianze. Tangu masika ishike, asubuhi nikiiwasha inakosa: inatetema, inasitasita, ukikanyaga mafuta inakohoa mpaka ipate moto. Mwenye gari ya namna hii anajua pa kuanzia. Unafungua kifuniko cha distribyuta, unatazama kama kimeingia unyevu au kimepata ufa, unasafisha vile vichwa vya ndani, unatazama rota, ile inayozunguka ndani yake, unarudisha. Skurubu tatu tu. Kazi ya nusu saa na kikombe cha chai ndani yake.

Mie imenichukua tangu Ijumaa baada ya sala mpaka Jumapili magharibi.

Nimetoa waya wa hasi wa betri, waya za plagi nimezibandika namba, 1, 3, 4, 2, nisije nikachanganya mpangilio wa moto. Skurubu ya kwanza ikatoka kwa kugombana. Ya pili, bisibisi ikaruka. Nikamulika na tochi ya simu. Nyota ya kutilia bisibisi haipo! Kuna kishimo cha mviringo tu kinang'aa, kama kitovu cha mtoto. Mtu alishapita hapa kabla yangu, akazungusha bisibisi isiyokuwa yake mpaka akakila kichwa chote. Ya tatu ndio balaa. Imezungukwa na kitu cha kijivu, kigumu. Nikadhani kutu. Nikakwangua kwa ncha ya kisu. Gundi ya chuma! Ile ya mirija miwili, ya kuchanganya.

Nikampigia fundi aliyenibadilishia kifuniko mwaka jana. Jina simtaji, gereji siitaji, mwenyewe anajijua.

"Aa mwalimu, ile skurubu, uzi wake wa kukazia ulikuwa ushaliwa. Nikaitia gundi isije ikakutoka njiani."

"Na mtu akitaka kufungua?"

Akacheka. "Si utakuja kwangu."

Jamani! Si utakuja kwangu! Yaani mtu amelipwa pesa yake taslimu, akanifungia gari kama kaburi ili ufunguo abaki nao yeye.

Na la bisibisi nalo nilitoe, maana linanikera miaka. Hizi tunazoziita za nyota si kitu kimoja. Iliyojaa madukani ni Phillips, ya Kimarekani, imeanza miaka ya 1930, ncha yake imechongoka na ukiikaza sana inajipandisha yenyewe kutoka kwenye shimo. Wajapani walikuwa na kipimo chao, JIS, yaani viwango vya viwanda vya Japani, ncha yake butu zaidi na inakaa mpaka chini. Ukitia Phillips kwenye skurubu ya JIS haifiki chini, inashika kwa ubavu, na kila ikiruka inaondoka na kona. Skurubu nyingi za JIS zina kitone kidogo kichwani, kachungulieni gari zenu. Sasa kisiwa kizima cha Pemba tunaendesha gari za Japani, na bisibisi tunauziwa za kwingine. Nimekwenda dukani hapa Chake Chake, namuuliza kijana, ananiambia, "Nyota ni nyota, mjomba." Nikatoa elfu nane. Mzunguko wa pili tu ncha ikajisokota kama mshumaa uliowekwa juani. Nikairudisha. "Ushaitumia, hatupokei." Sasa nitajuaje kuwa mbovu bila ya kuitumia?

Chumvi nayo siisamehi, lakini angalau chumvi haikunichukua pesa. Skurubu ni chuma, bodi ya distribyuta ni alumini. Upepo wa bahari ukikaa baina yao, alumini inaota ule unga mweupe, na unga unataka nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, basi unaibana skurubu kama kabari. Ndio maana gari iliyoshushwa bandarini Mkoani miaka kumi iliyopita haifunguki kama ya Dodoma. Fundi wa kisiwani hilo halijui? Grisi chembe moja kwenye uzi, ukubwa wa punje ya mchele, basi. Hata hilo lilimshinda. Gundi aliiona.

Aliyeniokoa ni ami yangu, mzee aliyemaliza umri wake kwenye mashine za boti. Alinikuta naigombeza ile ya pili, akaninyang'anya bisibisi. Akatia mafuta ya breki kidogo na mafuta ya gia ya otomatiki, akaniambia tukale. Tuliporudi akaweka fimbo ya chuma juu ya kichwa cha skurubu, akagonga kwa nyundo ndogo, ko, ko, ko, kama anaamsha mtu mwenye homa. Kisha akachukua msumeno wa chuma, ule upande wa ncha iliyokatika, akachora mfereji juu ya kichwa. Bisibisi bapa ikaingia. Nami nilitegemea afungue, akakaza! Kidogo tu, kama robo ya robo. Ikalia "tik". Ndipo akarudisha nyuma, mbele, nyuma, mpaka ikatoka na ungaunga wake mweupe.

Ile ya gundi haikusikia dawa. Gundi inalegea kwa moto, lakini moto karibu na kifuniko cha plastiki na paipu ya petroli, nani anathubutu? Tulijaribu pasi ya kulehemu waya, kuigusisha kichwani. Kichwa kikakatika. Angalau kifuniko kikatoka, kisiki kikabaki. Jirani akaleta kile kitoa skurubu cha msokoto. Ami akakikataa, akasema chuma chake kigumu mno, kikivunjikia ndani hata biti ya drili haikiingii. Kweli kabisa. Tukatoboa pole pole, biti ya milimita 4.2, tukapitisha tapu ya 5, ile ya kuchonga uzi mpya. Vidole vyangu viwili vilichanikia hapo, biti iliponasa na drili ikageuka.

Na kifuniko kumbe kilikuwa na ufa. Ufa mmoja mwembamba kama unywele, kutoka kwenye shimo la skurubu ileile iliyokazwa kama ya gurudumu.

Msiniandikie "peleka gereji." Gereji ndiko ilikotoka hali hii. Ninachotaka: anayejua duka Unguja lenye bisibisi ya JIS namba 2 ya kweli, aniambie bei, natuma pesa, waitie kwenye boti. Skurubu mpya nimeweka za kichwa cha pembe sita, za spana namba 8, nyota sitaki kuiona tena.

Na wewe fundi, kama unapita humu: mrija mmoja wa gundi yako nimeukuta umekwama nyuma ya betri, bado una robo. Njoo uuchukue.