Mrejesho: mchaichai wangu uliokauka katikati
Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini shina langu la mchaichai limekauka katikati, mabichi ni majani ya pembeni tu, na harufu imefifia. Mkasema limezeeka na kubanana, niling'oe nigawanye.

Kazi haikuwa ndogo! Mizizi ilishikana kama mkeka, ikabidi nitumie panga. Na majani yale yanachana vidole, vaeni glavu. Nilichagua machipukizi ya pembeni yenye mizizi, nikakata majani yakabaki kama sentimita 10, nikayapanda juani kwa nafasi ya sentimita 60.

Wiki ya tatu majani mapya yakachomoza, isipokuwa machipukizi mawili niliyoyafukia mno, yakaoza. Sasa nikipita nikafikicha jani, harufu inabaki mkononi hadi jioni.