Nimelipa euro 180 kujifunza filimbi ya Kiairishi, nimefundishwa kitu ambacho hakichezeki popote

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, toka juzi usiku sijalala vizuri, kwa hiyo uzi utakuwa mrefu kidogo mnivumilie.

Mimi niko Dublin mwaka wa nne sasa, nahudumia wazee. Huu muziki wa asili wa Ireland ulinikamata mwezi wangu wa kwanza tu hapa, natoka zamu ya usiku napita nje ya baa moja nikasikia fidla na filimbi na konsatina (kama akodioni ndogo ya kushika mikononi) zinaenda pamoja, nikasimama kwenye mvua mpaka basi langu likanipita. Toka siku ile nikasema na mimi nitajifunza. Nikaweka hela kidogo kidogo, mwezi wa tatu nikajiunga na kozi ya wiki nane, euro 180, filimbi ya bati wanakupa wenyewe na kijitabu. Jina la mahali silitaji, sitaki kesi.

Sasa sikilizeni nilivyopigwa.

Filimbi ya bati ina matundu sita. Ukiziba yote sita ukapuliza taratibu inatoa noti yake ya chini kabisa, na hiyo noti ndiyo inaipa jina, kuna ya D, kuna ya C na nyingine. Muziki wa huku sehemu kubwa unapigwa kwenye ufunguo wa D na wa G, kwa hiyo kila mtu anayeanza anatakiwa awe na ya D, hiyo ni kitu cha kwanza kabisa, ni kama kumwambia anayejifunza gari breki iko wapi. Sisi darasa zima watu tisa tuligawiwa za C! Na kwa sababu wote tulikuwa na za C hakuna aliyejua, tunapiga pamoja inasikika vizuri, mwalimu anasema safi sana, tunarudi nyumbani tumefurahi.

Juzi Jumanne nikaenda kwenye sesheni. Kwa asiyejua, sesheni ni wapigaji wanakaa kwenye meza baa wanapiga kwa ajili yao wenyewe, hakuna jukwaa hakuna kiingilio. Nikakaa pembeni kwa heshima, nikaagiza chai, nikasubiri. Ikaja jigi moja (aina ya tuni, yaani wimbo wa ala wa kuchezea dansi) ambayo nimeipiga nyumbani mara mia, nikajua hii ndiyo yangu, nikaweka filimbi mdomoni. Jamani. Kila noti ninayotoa iko chini ya yao, yaani ni kama mtu anaimba wimbo uleule kwa sauti ya mgonjwa. Mzee wa fidla akageuza kichwa. Nikaacha, mikono inatetemeka, natafuta kosa liko kwenye kidole gani.

Bibi mmoja wa konsatina aliyekuwa jirani yangu akasubiri tuni imalizike, akaomba filimbi yangu, akaigeuza kwenye taa, akanionyesha herufi ndogo iliyochapwa pale chini ya mdomo wake wa plastiki. C. Hakunicheka hata kidogo. Aliniuliza tu, nani kakupa hii? Nikashindwa kujibu.

Na hilo la filimbi ni nusu ya malalamiko yangu. Nusu nyingine ni karatasi. Wiki zote nane tumefundishwa kwa namba, ziba 1 2 3, fungua 4, mwalimu hakupiga tuni hata moja mwanzo mpaka mwisho tukamsikiliza. Namba haiwezi kukuambia jigi inavyotembea, kwamba zile pigo zinakwenda tatu tatu na ya kwanza unaivuta kidogo kuliko wenzake, ukizipiga sawasawa zote inakuwa kama cherehani. Haiwezi kukuambia roli, pale noti ndefu unaipamba kwa kunyanyua kidole kimoja na kukirudisha haraka kisha kingine unakipiga juu ya tundu bila kukata pumzi. Hatukuambiwa hata kwamba tuni ina sehemu mbili na kila sehemu inarudiwa, wala kwamba hawapigi moja wakasimama, wanaunganisha mbili au tatu bila kupumzika. Nilivyosikia wamehamia tuni nyingine nikadhani wamekosea.

Mjomba wangu Unguja amepiga akodioni kwenye taarab maisha yake yote na karatasi ya noti hajawahi kuishika, alikuwa anakaa miguuni kwa wakubwa anasikiliza. Huku ni hivyohivyo! Yule Francis O'Neill mzaliwa wa Cork aliyekuwa mkuu wa polisi Chicago mwaka 1901 hadi 1905, ndiye aliyetoa mwaka 1903 mkusanyo wa tuni 1,850 ambao wapigaji wameutumia miaka na miaka, na yeye mwenyewe kuandika noti alikuwa hawezi, alikuwa anazipiga kutoka kichwani na mwenzake James O'Neill anaandika. Hata kitabu kilitoka kwenye sikio. Sasa mtu anakuja kunichukulia hela yangu ya zamu za usiku ananipa namba?

Nimewaandikia. Jibu la kwanza wamesema nyinyi ni wanaoanza, haileti tofauti. HAILETI TOFAUTI. Mtu anayeanza ndiye hana sikio la kujigundulia kosa, ndiye anamwamini mwalimu kwa kila kitu! Jibu la pili wamenipa punguzo la asilimia kumi kwa kozi inayofuata. Nimekasirika zaidi.

Kwa wadau walioko Ireland mnaotaka kujifunza, tafuteni matawi ya Comhaltas, chama cha muziki wa asili wa Ireland, wapo toka 1951 na yako karibu nchi nzima. Na kabla ya kulipa popote ulizeni filimbi ni ya ufunguo gani na mwalimu anafundisha kwa sikio au la.

Swali langu, kuna aliyewahi kutumia ule utaratibu wa madai madogo wa mahakama za hapa? Mwisho ni euro 2,000 na ada ni euro 25. Risiti ninayo, filimbi yenye C ninayo, na wenzangu wanne wa darasa wamekubali tuandike pamoja.

Yule bibi amenirekodia jigi ileile kwenye simu yangu, polepole, sehemu ya kwanza peke yake, akaniambia niiimbe kwanza kwa mdomo siku tatu kabla sijagusa filimbi. Hakuniomba hata senti. Leo ni siku ya pili naiimba jikoni, na filimbi ya D nimeagiza, euro 12.

Hao wenye euro 180 zangu barua pepe ya tatu hawajajibu.