Mpwa wangu yuko shelta Texas, mfanyakazi anamsumbua. Nilalamike wapi?

MjombaNgambo: Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri, hasa kwa mlioko Marekani. Mpwa wangu wa miaka 16 alivuka mpaka kutokea Mexico bila mzazi, sasa yuko shelta ya watoto Texas. Fomu za kumchukua nimejaza mimi, alama za vidole nimetoa, nasubiri. Juzi kwenye simu alikuwa anaongea kwa sauti ya chini: kuna mfanyakazi wa zamu ya usiku anaingia chumbani bila kubisha, anawavuta mashuka, anawatukana. Ukimjibu anakwambia "utakaa humu mpaka ufikishe 18, ICE waje wakuchukue", yaani idara ya uhamiaji inayokamata na kurudisha watu makwao. Nikimuuliza msimamizi wa kesi, jibu ni "tutafuatilia". Nani hasa anazisimamia hizi shelta? Na nikilalamika, si watamchelewesha makusudi?

Kimya_Kingi: Mkuu, nyamaza mpaka atoke. Mkono wako umo kinywani mwa mamba.

MamaWawili: Siafiki. Pole, mjomba. Tangu 2003 watoto wanaoingia peke yao wako chini ya ORR, ofisi ya wakimbizi ndani ya wizara ya afya, HHS. Ila shelta nyingi zinaendeshwa na mashirika binafsi kwa ruzuku ya ORR. Huyo msimamizi wa kesi ameajiriwa na shirika hilohilo unalolilalamikia, kwa hiyo usiishie kwake. Anayeidhinisha mtoto kutoka ni afisa wa serikali wanayemwita FFS. Omba jina lake, mwandikie yeye, na nakala ipeleke ORR kwenyewe. Wa zamu ya usiku hana kauli juu ya kutoka kwake, anamtisha tu. Ni kweli akifikisha 18 anaweza kukabidhiwa ICE, ndiyo maana kitisho hicho kinauma, lakini wa miaka 16 bado ana muda.

Mchunguzi77: Niongeze hapo. Kwingine ungekimbilia wakaguzi wa jimbo. Texas ni tofauti: mwaka 2021 gavana Abbott aliagiza shelta hizi ziondolewe leseni za jimbo, kwa hiyo jicho la karibu limebaki la serikali kuu. Hata hivyo, mwaka 2024 jaji Dolly Gee alipoiondoa sehemu kubwa ya HHS kwenye makubaliano ya Flores ya 1997, yale ya mahakamani kuhusu namna watoto wahamiaji walioshikiliwa wanavyopaswa kutunzwa, aliyaacha yaendelee kwa shelta za majimbo yasiyotoa leseni. Mawakili wanaowatetea watoto kwenye kesi hiyo bado wana mlango huko. Mpwa wako ana wakili? Azungumze naye faragha, si kwenye simu ya sebuleni.

Na kama kuna kushikwashikwa au kupigwa, usingoje barua ya mtu, pigia polisi simu siku hiyohiyo. Kanuni za 2014 kuhusu unyanyasaji wa kingono zinawalazimisha wafanyakazi kuripoti, na zinakataza kumlipizia kisasi mtoto aliyesema.

MamaWawili: Kuhusu kucheleweshwa: tangu 2025 masharti ya wanaochukua watoto yamekazwa, vitambulisho, ushahidi wa kipato, hadi DNA kwa ndugu. Watu wanasota bila kulalamikia chochote. Hakikisha faili lako halina pengo, na malalamiko yaandike kwenye barua ya peke yake.

MjombaNgambo: Wakili anaye, wamekutana mara moja. Mtoto anasema alijaza fomu ya malalamiko humo ndani, ila ilikuwa ya Kihispania, akaandika alivyoweza.

Mchunguzi77: Basi hapo ndipo pa kuanzia! Wengi humo wanaongea Kihispania na Kiingereza, mtoto wa Kiswahili analalamika na hakuna anayeelewa alichosema. Dai mkalimani wa Kiswahili, kwa maandishi. Ni haki yake, si fadhila.

MjombaNgambo: Asanteni. Barua yangu niandike kwa Kiswahili?

MamaWawili: Kiingereza, mjomba. Weka tarehe na zamu. Maneno ya mtoto yaache kwa Kiswahili kama alivyoyasema, tafsiri weka chini yake. Na jina la huyo mfanyakazi wa zamu ya usiku, kama analijua.